Usingizi wa Vipande Hadi Mukuyuni

Tangu turudi, hakuna anayeingia kwa kibanda changu cha ushonaji hapa sokoni Kanyangi bila kuuliza. Naanza kusimulia, mteja mwingine anaingia, nakatiza. Beatrice amesikia ya kanisa lakini hajui mbuzi waliishia wapi. Mama Kioko anajua mbuzi waliishia tumboni, lakini anaamini tulipotea njia kwa sababu Nzioka alikuwa amelewa, na Nzioka mwenyewe hata soda humsumbua tumbo. Basi nimekaa niandike yote mara moja. Someni, halafu mniache nishone.

Kwanza mambo ya usingizi, maana bila hayo hamtaelewa lolote.

Baba yangu tangu apate kiharusi halali kama watu. Analala kidogo, anaamka kidogo, usiku na mchana, kama mtoto mchanga mwenye ndevu. Akiamka mwenyewe yuko sawa kabisa: anakujua, anauliza habari ya ng'ombe, anakutania. Lakini ukimwamsha kabla usingizi haujamwachilia, anaamka akiwa amepotea. Haijui nyumba yake. Anamtazama mama na kumuuliza, "Wewe ni nani?" na machozi yanamtoka. Mama humjibu kila mara, "Ni mimi tu, lala." Nilipoona hivyo mara ya kwanza, moyo ulinivunjika, nikasema hakuna atakayemwamsha tena. Ikawa sheria ya nyumba.

Mama alimwangalia peke yake mpaka akaanza kusinzia akiwa amesimama, mwiko mkononi. Ndipo nikaamua kujifunza kulala kama baba ili tupokezane. Mnacheka, lakini kuna watu ng'ambo wanaolala hivyo kwa kupenda kwao. Rafiki yangu mmoja alinisomea kwenye simu: unalala usingizi mmoja wa maana, halafu vipande vifupi vifupi, saa zile zile kila siku, upende usipende. Wiki za kwanza nilikiona cha mtema kuni. Nilimshonea mwalimu mmoja suruali yenye zipu nyuma. Nilitia chumvi kwenye chai, nikaionja, nikaongeza.

Halafu siku moja mwili ukakubali. Sasa nikifunga macho, ndoto inafika hata kabla usingizi haujafika. Nikifungua, ndoto haiondoki yote. Inabaki kidogo pembeni, kama harufu ya moshi kwenye leso. Naweza kukupima kiuno huku nikisikia maji yanapita chini ya meza. Dunia imekuwa laini kwangu, na siwezi kusema sipendi. Lakini msijaribu. Daktari wa baba nilipomwambia alinitazama vibaya sana.

Sasa mama. Mama ameishi na baba maisha yangu yote na zaidi. Amezaa, amelima, amemuuguza mama mkwe wake mpaka akamzika. Lakini mbuzi wa ntheo hawakuwahi kupelekwa kwao, Mukuyuni. Mnajua sisi Wakamba: mpaka mbuzi hao wachinjwe nyumbani kwa kina mwanamke, hata mzeeke pamoja, yeye hajaolewa, anakaa tu. Mwanzoni ilikuwa ukame. Halafu ikawa karo yetu. Mwishowe kilichobaki ni aibu ya kuchelewa, na hiyo ndiyo ilikuwa nzito kuliko zote.

Kwao mama amebaki mmoja tu wa kupokea mbuzi, kaka yake, mjomba Kilonzo. Naye ni mgonjwa. Mbithe, mkaza mwana wake anayemtunza, alitupigia simu. "Mzee anashinda amelala. Anaamka kidogo kuku wakifunguliwa, na kidogo tena jua likianza kupoa. Kama mna neno naye, mje."

Mama aliweka mwiko chini. "Mwanangu Mwende," akaniambia, "sitaki kufa nikiwa mgeni wa baba yako."

Shida ni kwamba maneno ya ntheo husemwa ana kwa ana. Anayetoa aseme, anayepokea aitikie, wote wakiwa macho. Na baba huamka vizuri jua likiwa utosini, wakati mjomba amezama. Wazee wawili, kila mmoja na mlango wake, na milango haifunguki pamoja. Nikasema hiyo ni kazi yangu. Ningeusogeza usingizi wa baba mdogo mdogo njiani, nikimchelewesha kulala kidogo hapa, kidogo pale, mpaka awe anaamka alasiri. Mtaalamu wa usingizi si ni mimi? Kumbukeni nilivyojisifu.

Kanyangi hadi mtoni

Nzioka jirani yetu ni mfanyabiashara wa mbuzi, na ana pikapu ya milango minne. Tulifunga mbuzi watatu nyuma, baba na mama wakakaa kiti cha nyuma, mimi mbele. Nilimpa Nzioka sheria moja. "Tukilala, usituamshe. Hata nini."

"Hata moto?"

"Nzioka, usiwe mjinga."

"Nauliza tu nijue mpaka."

Tulitaka kuvuka mto Athi kwa njia fupi na kutokea upande wa mji wa Wote. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Mto ulikuwa mwekundu, umejaa, unabeba miti mizima. Watu walikuwa wamekaa ukingoni wakingoja upungue, na mama mmoja alikuwa amekwisha kuwafungulia hoteli: mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi. Palikuwa na jamaa aliyebeba godoro jipya kichwani. Alikuwa amechoka kulibeba, akalitandika chini akalilalia, nailoni na yote.

"Mnangoja pia?" akauliza. Nikamwambia saa yetu ya kulala imefika. Akasogea, akampisha baba kwenye godoro lake jipya. Mungu ambariki, sikumuuliza hata jina.

Tukalala pale, kelele ya maji masikioni. Niliota mto unapita na vitanda, kitanda baada ya kitanda, vimetandikwa vizuri, na mama amesimama ukingoni akitafuta chake. Nilipoamka maji yalikuwa yamepanda zaidi na mama amesimama pale pale nilipomwona ndotoni.

"Hautapungua leo," alisema. Sauti yake iliniuma. Nikajua anafikiri ni mwaka mwingine tena, sababu nyingine tena.

"Tunazunguka," nikamwambia. "Hata kama ni kupitia Kibwezi."

Nzioka akashika kichwa. "Asi! Kibwezi?" Lakini akawasha gari.

Mutomo hadi Ikutha

Kwenye lami pikapu ikawa kama kitanda. Baba alichangamka, akanionyesha mahali alipowahi kununua dume, akacheka mwenyewe. Nilimweka macho kwa maneno mpaka nikaona amechelewa kulala kiasi nilichotaka. Kufika karibu na Ikutha tukapata kanisa la mabati lenye kivuli kizuri ubavuni. Tukatandika mkeka, tukalala watatu kwa mstari. Nzioka akawafunga mbuzi kwenye nguzo, akaenda kutafuta chai.

Niliota niko ndani ya cherehani yangu, sindano inapanda na kushuka ikiimba pambio. Likawa zuri sana lile pambio. Halafu nikahisi mkono wa mtu kwenye paji la uso wangu, na sauti: "Toka! Toka, nimesema!"

"Nitoke niende wapi?" nikauliza, macho bado yamefungwa.

"Anaongea! Asifiwe Bwana, anaongea!"

Ilikuwa siku ya maombi ya akina mama. Walikuwa wametoka kanisani wakatukuta tumejipanga pale, hatutikisiki. "Hawa wamewekewa dawa kwa chai," mmoja alikuwa akisema. "Tapeli wa barabarani."

"Na mbuzi mbona hawakuibwa?"

"Labda mwizi ameenda kuleta gari."

Wakati huo huo Nzioka akatokea na pikapu, kumbe baada ya chai alikuwa amekwenda kutia mafuta. Nusura wamrukie. Ilibidi aonyeshe kitambulisho, ajibu yeye ni wa kanisa gani na mchungaji wake anaitwa nani.

Katika kelele ile baba akaamshwa. Akatazama zile leso zote, yale mabati, akamtazama mama. "Wewe ni nani?" Machozi yakaanza.

"Ni mimi tu," mama akasema. "Ni mimi tu, lala."

Wale akina mama walidhani baba ameguswa na maombi, wakapiga vigelegele. Hakuna aliyewasahihisha, mimi nilikuwa nimekasirika mno na mama alikuwa amemshika baba kichwa kifuani. Lakini walikuwa watu wazuri. Walipoelewa walituomba msamaha wote kwa pamoja, wakatuletea kabichi, chai iliyokolea maziwa na muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, wakatufungia mwingine wa njiani. Yule aliyenikemea pepo alinishika mkono. "Dada, hata mimi ninalala vibaya tangu mzee wangu afariki. Hiyo ya vipande inafanyaje?" Nikamweleza. Nadhani amejaribu. Mungu amsaidie na chumvi.

Kibwezi hadi Sultan Hamud

Tulilala Kibwezi, na asubuhi tukashika barabara ya Mombasa. Mpango ulikuwa rahisi: tukifika Emali tunakata kulia kuelekea Wote. Makindu ikapita, macho yakawa mazito, saa yetu ikafika. Tukalala ndani ya gari, wote watatu, malori yakinguruma kama mto ule ule.

Niliamka gari limesimama. Mbele yangu kulikuwa na maduka, reli, watu wengi wa safari.

"Tuko wapi?"

"Sultan Hamud," Nzioka akasema.

"Na Emali?"

"Emali tumeipita kitambo. Nilifika pale njia panda, nikasimama, nikawaangalia. Mlikuwa mmelala vizuri sana. Sikuwa na hakika ya njia, mimi njia zangu ni za soko za mbuzi. Lakini ulisema hata nini."

"Kwa hivyo ukaendelea tu?"

"Barabara si ilikuwa inaendelea."

Nilitaka kumtukana. Kisha nikamwona mama kwenye kiti cha nyuma anajizuia asicheke, mabega yanatetemeka, na mimi mwenyewe nikashindwa. Tulicheka mpaka mbuzi wakaitikia.

Kulikuwa na njia ya kupanda vilima kutoka hapo, lakini gari lilihitaji kupoa. Tukaingia dukani kwa Halima, mama mmoja ambaye familia yake ilitoka Garissa. Mbele anauza vitambaa, nyuma anapika. Alitupa anjera, zile chapati laini za Kisomali, na chai yenye tangawizi. Nikaanza kumweleza kwa nini tunahitaji mahali pa kulala mchana mchana, nikitegemea jicho baya kama la daktari. Akanikatiza.

"Kwani hiyo ni ajabu? Mwezi wa Ramadhani si sisi wote hivyo? Unalala, unaamka daku, unalala, unaamka alfajiri, mchana unaiba kidogo. Njooni huku."

Akafungua pazia, akatutandikia mkeka kati ya marobota ya vitambaa. Sijawahi kulala mahali pazuri kama pale. Vitambaa vya kila rangi mpaka darini, sauti za barabara mbali, kama zinatoka chini ya maji. Niliota nakata nguo moja isiyo na mwisho, na kila nilipokata haikuumia.

Baba aliamka mwenyewe, alasiri ile ile niliyokuwa nikiitafuta, jua limeanza kupoa. Akaketi, akamwona Halima, akasema, "Huyu mama chai yake si ya mchezo." Nilitaka kuruka. Nimeweza! Nilimwambia hata Nzioka, nimeweza, mzee amesogea.

Halima alikuwa anatazama mbuzi kupitia mlangoni. "Mnaenda harusi ya nani?"

Mama akaweka kikombe chini. "Yangu," akasema.

Halima akaanza kucheka, akaona mama hacheki. Akageuka kwenye rafu, akatoa leso mpya, ya manjano, akamfunika nayo mabegani. Mama alikataa mara mbili kama inavyopasa, kisha akaishika kwa mikono yote miwili.

Vilimani hadi Mukuyuni

Tulifika nyumbani kwa mjomba wakati ule ule wa jua kupoa, ukungu unaanza kushuka vilimani. Baba macho makavu, kofia kichwani, maneno tayari mdomoni. Nikashuka nikikimbia.

Mjomba Kilonzo alikuwa kwenye kiti chake nje, amejifunika blanketi. Anakoroma.

"Lakini Mbithe, ulisema jua likipoa!"

"Nilisema," Mbithe akajibu, na yeye macho mekundu kama yangu. "Lakini mama yako aliniambia kwa simu kwamba mzee wenu huamka saa za mchana. Basi siku zote hizi nimekuwa nikimsogeza huyu. Namchelewesha kidogo, namwimbia, namnawisha uso. Leo ameamka saa sita vizuri sana. Amewangoja kwa hamu."

Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa amemsukuma mzee wake kwenda kwa mwenzake, na wazee wakapishana njiani. Nilikaa chini kwenye mawe. Sikujua kama nicheke ama nilie, na nadhani nilifanya yote mawili.

Kesho yake ilikuwa mbaya zaidi. Asubuhi mjomba akaamka, baba amelala. Mjomba akamtazama muda mrefu. "Huyu ndiye Mutisya? Amezeeka," akasema, akalala. Baba akaamka, akamtazama mjomba. "Huyu ndiye Kilonzo? Amezeeka kweli," akasema. Nikamwambia, baba ngoja, zungumza, subiri kidogo. Nikamletea uji. Nikamfungulia redio. Kichwa kikaanguka.

Mama alikuwa na leso yake ya manjano tangu asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mbuzi. Mbithe alininong'oneza kwamba usiku ule kifua cha mjomba kilibana vibaya. Hatukuwa na siku nyingi za kupishana.

Nikaamua sitalala tena mpaka jambo liishe. Nikaweka kiti changu katikati ya viti vya wazee, nimtazame huyu, nimtazame yule, na macho yao yakifunguka pamoja hata kwa dakika moja niseme sasa. Saa yangu ya kwanza ya kulala ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Ukungu uliondoka, jua likaja, majani ya kahawa yalikuwa yanang'aa, na nikaona baba ni kijana, anashuka kilimani akiwa na mbuzi wengi weupe, anapiga mluzi, na mama amesimama mlangoni akiwa msichana, anajifanya hamwoni.

Nilipofungua macho nilisikia harufu ya nyama.

Viti vya kushoto na kulia vilikuwa na wazee wawili, wote wamelala, vichwa vimeinamiana. Midomo yao ilikuwa na mafuta. Mahali mbuzi walipokuwa wamefungwa palibaki kamba tu.

Nikaruka. "Nzioka! Kumetokea nini? Wameongea?"

Nzioka alikuwa kwenye moto, anageuza mbavu. Uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. "Umelala, Mwende."

"Najua nimelala! Wameongea?"

"Mama yako aliinuka pale," akasema. "Akatembea mpaka kwa kaka yake, akamtikisa bega. 'Kilonzo, amka.' Halafu akaja kwa mzee. Mimi nikamwambia, mama, sheria. Hakunisikia. Akamshika mabega yote mawili. 'Mutisya! Amka.' Kwa sauti kubwa hivi, hata Mbithe akatoka jikoni."

"Halafu?"

"Mzee akaamka vile vya kanisani. Hajui kitu. Akamuuliza, 'Wewe ni nani?'"

Nikafunga mdomo kwa mkono.

"Nilidhani atasema ni mimi tu. Hakusema. Alisema, 'Niambie wewe. Ndugu yangu huyu hapa anasikia.' Mzee alimtazama, Mwende. Alimtazama mpaka mimi nikaona haya, nikaangalia kando. Halafu akasema, 'Wewe ni Kalunde. Wewe ni mke wangu.' Akageukia mjomba wako. 'Nimechelewa. Nimeleta mbuzi.' Na mjomba wako akasema, 'Umechelewa kweli. Wachinjwe.'"

Mama alikuwa jikoni na Mbithe, anakata nyama, leso ameifunga kiunoni. Nilimwendea nikilia. Nikamuuliza, kwa nini hukuniamsha, nami nilikuja mbali hivyo. Nikamwambia pia, sijui kwa nini, "Si tulikubaliana baba asiamshwe?"

Alinipa kipande cha ini. "Maisha yangu yote nimemwacha alale," akasema. "Leo nimemwamsha. Kula."

Kurudi

Mto ulikuwa umepungua, kwa hivyo tulirudi kwa njia fupi. Mama alilala kabla hatujafika barabara kubwa. Mnamjua mama, mbwa akijikuna nje yeye ameamka. Alilala tukipita Wote. Alilala kwenye mashimo, kichwa kikigonga kioo. Alilala hata mtoni, maji yakipiga milango na Nzioka akimwita Mungu kwa sauti. Saa zangu za kulala zilipita moja baada ya nyingine na sikuzitaka. Nilikuwa nimegeuka kwenye kiti, namtazama tu.

Baba aliamka mwenyewe tukiwa tunaingia Kanyangi, jua bado liko juu. Akatazama nje akaona soko, akajua ni wapi. Akatazama kando yake.

Nzioka alisimamisha gari mlangoni kwetu, akanyoosha mkono nyuma kumgusa mama bega.

"Wewe," baba akamwambia. "Usimwamshe mke wangu."

Nzioka akarudisha mkono kwenye usukani. Tukakaa hapo ndani ya gari, watatu, tukimngoja aamke.